Reli Bila Stesheni Haimfai Mtu wa Kaaleng

Ndugu Wafanyakazi,

Sisi tunaofanya kazi njiani twajua jambo moja. Reli ikipita karibu na kijiji na pasiwe na stesheni, wenye kijiji hupata kelele na moshi tu. Magunia yao hayapakiwi, na mgeni wao hashuki. Leo twataka kusema juu ya Kaaleng, huko kaskazini ya Turkana, na juu ya intaneti, maana twaona kosa lile lile likifanywa huko.

Mwenzetu mmoja katika genge letu ni mzaliwa wa Kaaleng. Alipopata likizo alikwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Akapanda lori, akavuka mchanga na mito mikavu, akafika mjini siku ya pili. Ofisini akaambiwa: Siku hizi hatuandiki kwa mkono, nenda kwenye kompyuta ujaze, ulipe kwa simu, kisha urudi. Akatafuta duka la kompyuta. Kijana wa dukani hakujua Kiturkana, akaandika jina la mama vibaya, na ombi likarudishwa. Kurekebisha ni siku nyingine, na kulala mjini ni pesa. Likizo ikaisha, akarudi kazini mikono mitupu. Nauli aliyotumia ilikuwa imewekwa kwa sare ya shule ya mtoto huyo huyo.

Hatusemi kwamba kompyuta ni mbaya. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Serikali ikaanzisha eCitizen mwaka 2014, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimetiwa humo. Kwa mtu wa Nairobi au Eldoret hiyo ni nafuu, kwa kuwa foleni imepungua. Lakini kwa mtu wa Kaaleng safari haikupungua. Ameongezewa mlango mmoja zaidi wa kulipia.

Tazameni jambo lingine, zito kuliko cheti, nalo ni ukame. Tangu miaka ya 1980 Turkana ina mpango wa kutambua ukame kabla haujaua. Leo kazi hiyo ni ya mamlaka ya taifa iitwayo NDMA. Kila mwezi watu wake huuliza maziwa yanayopatikana nyumbani, mwendo wa kufika majini, bei ya mbuzi na bei ya mahindi, na hupima mikono ya watoto wadogo. Ni kazi njema. Kisha habari hizo huandikwa kwa Kiingereza na kutiwa katika intaneti. Sasa twauliza: nani aliyetoa habari? Ni mama wa Turkana aliyepimiwa mtoto. Nani anayeisoma? Ni mtu wa ofisini. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, toka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mfugaji alihitaji kujua mapema ili auze mbuzi wangali na nyama. Aliyechelewa aliuza ngozi.

Katika njia moja ya reli, stesheni hii haiachii gari mpaka stesheni ya mbele imejibu. Habari huenda na hurudi. Habari ya kwenda tu huleta ajali, na anayeumia siyo aliyeketi ofisini.

Wako watakaosema: Siku hizi kila mtu ana simu, jengeni mnara, basi yamekwisha. Sisi twajibu: mnara si huduma, kama vile reli si stesheni. Mnara hausomi Kiingereza kwa niaba ya mzee. Mnara hauchaji simu ya mjane wala haumnunulii muda wa maongezi. Mtu asiyejua kusoma, ukimpa mnara, umempa mti wa chuma.

Wengine watasema: Mwacheni mfanyabiashara afungue duka. Hilo lilijaribiwa. Mnamo mwaka 2009 Serikali ilianzisha vituo vya Pasha, ikawakopesha watu ili wafungue vituo vya kompyuta vijijini. Lakini mkopo hutaka faida, na faida hutaka watu wengi wenye pesa. Mahali ambapo watu ni wachache na wanahama na mifugo yao, duka halitoshi. Hata reli yenyewe iliyojengwa kwa faida iliishia Kitale mwaka 1926, wala haikushuka Lodwar. Reli mpya ya kutoka Lamu ilizinduliwa kwa shangwe mwaka 2012, na mpaka leo Turkana haijasikia honi yake.

Njia iko, nayo ni ya ushirika. Jirani zetu wa Gulu, Uganda, walionyesha. Mwaka 2007 watu wa Jimbo Kuu la Katoliki la huko walianza kazi iitwayo BOSCO, katika kambi za watu waliokimbia vita. Waliunganisha kambi kwa mitambo ya redio, wakaweka kompyuta zinazokula umeme kidogo, zikaendeshwa kwa betri na jua. Watu wa kambi hii wakaweza kuzungumza na watu wa kambi ile na kuandikiana habari zao wenyewe. Hawakungoja waya wa umeme ufike.

Basi Kaaleng yataka stesheni ya habari. Chumba kimoja, umeme wa jua, chombo kimoja cha kupokea intaneti, na karani mmoja anayejua Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza. Karani huyo alipwe mshahara, maana kazi ya kujitolea hufa msimu wa njaa. Amsomee mzee habari za ukame na bei ya mbuzi ya Lodwar na Kakuma. Amjazie mama fomu, na jina liandikwe sawasawa. Tena apeleke habari za Kaaleng kule juu: kisima kilichoharibika, ugonjwa wa mifugo, zahanati isiyo na dawa. Halmashauri ya wenyeji, wanawake wakiwemo, ishike ufunguo na daftari la hesabu.

Pesa zitoke wapi? Ziko. Makampuni ya simu hutozwa asilimia nusu ya mapato yao kwa Mfuko wa Huduma kwa Wote, na mapato hayo ni shilingi zetu tunazopiga simu. Mfuko huo uliwekwa kwa ajili ya mahali kama Kaaleng. Twataka usijenge minara tu, ulipe na makarani.

Ndugu, msiseme Kaaleng ni mbali. Anayepiga nyundo kando yako katika reli ni mtoto wa Kaaleng, na likizo yake ikipotea, kesho itapotea yako. Twaomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa tawi, na Chama kiandike barua kwa Kaunti na kwa wenye Mfuko. Tukinyamaza, watahesabu mnara, watapiga picha, na watasema kazi imekwisha.

Umoja ni nguvu.

Sisi watu wa njia, Eldoret