Mswada Ukiwa Safarini, Kalamu Isilale



Juma lililopita alinijia kijana mmoja aliyemaliza kuandika riwaya yake ya kwanza. Aliipeleka kwa wachapishaji, na sasa ni mwezi wa nane hajapata jibu. Nilipomwuliza anaandika nini siku hizi, akanijibu, "Siandiki kitu, mzee. Nangoja. Wakiikataa, nitajua ya kuwa mimi si mwandishi."

Neno hilo lilinihuzunisha, maana amewapa watu asiowajua hukumu ya maisha yake. Mchapishaji hurudisha mswada kwa sababu nyingi. Pengine fedha zimepungua. Pengine amekwisha kutoa kitabu kinachofanana na hicho. Pengine, kweli, kazi haijaiva. Hata hii ya mwisho si sababu ya kutupa kalamu, kwa kuwa kazi isiyoiva huivishwa kwa kuandika, wala si kwa kungoja.

Nilimpa habari za Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejulikana siku hizo kwa jina la James Ngugi. Mwaka 1961, akiwa mwanafunzi wa Makerere, Uganda, aliandika riwaya yake ya kwanza kwa ajili ya mashindano ya East African Literature Bureau. Hakukaa akingoja ipigwe chapa. Alishika ya pili, na katika mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwezi wa Juni 1962, alimpa Chinua Achebe wa Nigeria mswada wake ausome. Riwaya hiyo ya pili, Weep Not, Child, ndiyo iliyotangulia kutoka, mwaka 1964. Ile ya kwanza, The River Between, ilifuata mwaka 1965. Mdogo alimfungulia mkubwa mlango.

Basi, wewe uliyepeleka mswada, fanya hivi. Kwanza, weka nakala yake nyumbani. Pili, anza hadithi nyingine kabisa, yenye watu wengine na mahali pengine. Usiandike mwendelezo wa ile ya kwanza, kwani hiyo ikirudishwa, mwendelezo wake utabaki yatima. Tatu, usiifunguefungue ile ya kwanza kila usiku kuibadili neno hili na lile. Iache mpaka jibu lije. Ikirudi pamoja na mashauri, utayasoma kwa macho yaliyofunzwa na kazi ya pili, nawe utaona makosa ambayo zamani hukuyaona.

Sisemi ya kwamba riwaya ya pili lazima ikubaliwe. Nasema tu kwamba siku ya jibu, liwe jema au baya, itakukuta una kazi mkononi. Wahenga walisema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

Kijana wangu aliniambia anayo hadithi moja ambayo kwa muda mrefu ameogopa kuianza. Nilimsihi aianze usiku ule ule.

Wasalaam.