Nauli ya Mwalimu ni Juu ya Aliyemwita



Huenda mtu akauliza, watu wa reli wana nini na walimu? Wapo wenzetu wenye wake na ndugu walio walimu, nao siku hizi wanatafuta kazi ng'ambo. Tena habari za kuhamishwa sisi twazijua. Mtu wa reli akipelekwa kituo kingine, neno lake la kwanza ni mizigo itasafiri kwa pasi ya nani, na nyumba iko? Mwalimu anayeitwa ng'ambo mara nyingi haulizi, maana wakala amekwisha mwambia nafasi ni chache.

Tazameni yaliyowapata walimu wa Ufilipino. Kuanzia mwaka 2007 walimu wapatao 350 walipelekwa kufundisha katika jimbo la Louisiana, Marekani. Shule za kule ndizo zilizokuwa na haja nao, lakini wengi wao walitozwa na wakala dola 16,000 hivi kila mtu. Kwanza walidaiwa kama dola 5,000. Walipokwisha lipa wakaambiwa bado kuna nyingine, na asiyezitoa atapoteza zile za kwanza. Wengi wakakopa kwa riba kubwa. Kisha wakatakiwa kutia sahihi kwamba watatoa sehemu ya kumi ya mshahara wa mwaka wa pili. (Fungu la kumi twalijua tangu misheni, lakini hili halikwenda kanisani.) Mwenye deni kama hilo hawezi kufungua kinywa mbele ya mkubwa wake, hasa ikiwa ruhusa yake ya kukaa nchini imefungwa na kazi ile ile.

Chama cha walimu wa Marekani kilisimama nao pamoja na mawakili, na mwezi wa Desemba 2012 mahakama huko California ikaamua walipwe dola milioni 4.5.

Wako wasemao mgeni na ashukuru, mshahara wa kule ni mnono. Hiyo ni hesabu ya mtu asiye na deni. Na mwalimu mwenyeji asicheke: mgeni akilipwa kidogo leo, kesho mwenyeji ataambiwa naye apokee kidogo. Mwaka 2004 nchi za Jumuiya ya Madola zilipatana kwamba mwalimu aliyeitwa asipewe masharti mabaya kuliko mwenyeji aliye sawa naye. Ni mapatano mazuri, lakini hayana nguvu ya sheria.

Msiambiwe haiwezekani. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilianza kuwapa walimu wa fizikia na wa lugha waliotoka nje pauni 10,000 za kuhamia. Hata vibarua wa Kihindi walioletwa tangu mwaka 1896 kujenga reli hii yetu, kazi iliyoua watu wengi, mkataba wao uliandika nauli ya kuwarudisha kwao.

Basi aliye na ndugu aliyepewa karatasi na wakala, amwambie asitie sahihi wala asitoe shilingi kwanza. Ailete karatasi hiyo kwa Katibu wa tawi, isomwe neno kwa neno: nani analipa nauli, nani analipa nyumba ya miezi ya kwanza, na akiachishwa kazi, nani anamrudisha.