Mzee Asifiche Maradhi

Kamati ya msikiti wetu hapa Nsemulwa hupokea mashauri ya ndoa ambayo, yakichunguzwa, si ya ugomvi. Mama mmoja alilalamika kwamba mumewe, mzee wa miaka 60 na ushei, amekuwa mkali na amehamia chumba cha pili. Akashuku kuna mke mwenza njiani. Mzee alipobaki nasi faragha alikiri: nguvu zimemwishia ndani ya miezi michache, akaona haya, akawa ananunua vumbi la Kongo. (Hilo hatukuliandika katika daftari.)

Homoni ya kiume, testosteroni, haipungui kwa kasi kama homoni za mwanamke anapokoma hedhi. Kuanzia kama miaka 40 hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Basi nguvu zikitoweka upesi, tusiusingizie umri. Aghalabu pana kisukari, presha, unene au huzuni. Homoni yenyewe hupimwa kwa damu inayotolewa asubuhi, wakati kiwango chake kiko juu.

Vumbi lisilo na maandishi hatujui lina nini. Likiwa limetiwa sildenafili kwa siri, na mzee anatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha yaweza kuporomoka akafariki. Haya ni katika imani, ila si haya ya kumficha tabibu maradhi.

Mzee wetu alipimwa, akakutwa na kisukari. Vidonge vyake sasa anavitunza mkewe.