Kufika si Kumaliza

Nashika kalamu kulizungumzia jambo ambalo limezua ubishi bwenini na hata kwenye foleni ya githeri: ni nani hasa aliyemaliza matembezi yetu ya hisani?

Kwa wale ambao hawakuwako, tulitembea siku tatu wakati wa likizo, kutoka Naivasha kupitia Gilgil hadi Nakuru, mwendo wa kilomita 70 hivi. Nia ilikuwa kuwanunulia viti vya magurudumu watoto wanne wa shule ya msingi jirani. Kila mtembezi alibeba kadi ya michango, na watu wakaandika humo majina yao na kiasi walichoahidi. Waliofika Nakuru wamepewa vyeti. Msichana mmoja aliyeshindwa Gilgil kwa sababu ya malengelenge hakupewa. Ati hakumaliza!

Mimi nasema alimaliza, tena kabla yetu. Aliporudi nyumbani aliichukua kadi yake, akawafuata waliomwahidi mmoja mmoja, na shule ilipofunguliwa akakabidhi kila shilingi. Wengi wa wenye vyeti, kadi zao zingali sandukuni. Sasa jamani, mtoto asiyeweza kutembea atakalia cheti?

Sikatai, kutembea siku tatu si mzaha. Ile barabara ina jua, vumbi, na matrela yanayopita karibu kukugusa. Aliyefika anastahili pongezi. Lakini wahenga walisema ahadi ni deni. Miguu yetu ilikuwa ya kuwashawishi watu watoe. Haikuwa malipo yenyewe.

Tazameni mifano. Mnamo Juni 2012, Mkenya Zack Kimotho aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Zilitakiwa shilingi milioni 250 ili kijengwe hapa Kenya kituo cha kuwahudumia waliojeruhiwa uti wa mgongo. Wito kwa wananchi ulikuwa wamrudishe Zack nyumbani: wao wachange, yeye ageuze kiti. Yaani mwisho wa safari ile haukuwa mikononi mwake. Ulikuwa mifukoni mwa watu.

Naye Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alianza Aprili 1980 kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akichangisha pesa za utafiti wa ugonjwa huo. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373 saratani ilimrudia. Akasimama tarehe 1 Septemba, na mwaka wa 1981 akafariki. Hakufika. Hata hivyo, tangu mwaka huo watu hukimbia na kuchanga kwa jina lake. Nani atathubutu kusema kwamba kazi yake iliishia njiani?

Najua wapo watakaouliza: kama pesa ndizo muhimu, kwani tusingechanga tu tukakaa zetu nyumbani? Hebu niwajibu. Mama mmoja muuza viazi kando ya barabara hakuwa kwenye kadi ya mtu yeyote, lakini alipotuona tunachechemea alitoa shilingi 50. Matembezi hufungua mikono. Ila mkono uliofunguka usipofuatwa mapema, hufunga tena. Aliyeahidi kwa moyo mkunjufu mwezi wa nne, mwezi wa saba atakuuliza wewe ni nani.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, cheti kitolewe kadi inaporudishwa ikiwa na pesa, wala si mtu anapofika. Pili, hesabu yote ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili aliyetoa shilingi 20 aione kama anavyoiona aliyetoa 2,000. Tatu, yule msichana wa Gilgil apewe cheti chake mbele ya gwaride, nasi tumpigie makofi.

Hadi ninapoandika haya, pesa zilizopatikana ni za viti viwili. Watoto ni wanne. Tulipofika Nakuru tulipiga vigelegele kana kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Wenzangu, kadi ziko wapi?