Chakula cha Matanga ni Mali ya Nani?



Tukiusiwa kubana matumizi ya nyumbani, hufikiria sukari, sabuni na mafuta ya kula. Hayo ni madogo. Gharama inayoangusha nyumba zetu ni pilau ya siku ya tatu na ya arobaini. Baba akifariki, magunia ya mahindi hutolewa ghalani yakauzwa, ukanunuliwa mchele na mbuzi. Kisha mjane hununua unga kilo kwa kilo, tena kwa kukopa, hadi mavuno mengine.

Tujiulize: chakula hicho tulichokila kilikuwa cha nani? Mali ya marehemu, yakishalipwa madeni na kutekelezwa wasia, ni ya warithi. Wakiwamo watoto wadogo, hakuna mwenye ruhusa ya kukirimia wageni kwa haki yao. Aya ya 10 ya Surat An-Nisaa inamwonya vikali mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma.

Sunna imekwenda kinyume cha desturi yetu. Ja'far bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza familia yake ipikiwe chakula, kwani ilikuwa imeshughulishwa na msiba.

Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 yalitufundisha thamani ya akiba. Basi tuanze misikitini kwetu: penye msiba majirani tupike, na ghala la mayatima lisiguswe.

Wabillahi tawfiq.