Nani Atawaajiri Mabinti wa Mpira wa Wavu?

Tumewasikia wananchi wengine wakicheka. Wanasema Wakenya walipeleka timu yao ya wanawake ya mpira wa wavu kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, wakapigwa na Brazil, Poland na Japani, kila mchezo seti 3 kwa 0. Walikwenda kufanya nini?

Sisi wa Kwamsisi hatucheki. Anayemcheka jirani aliyeshindwa Olimpiki aseme kwanza yeye alikuwa wapi siku ile. Tanzania haijafika huko kwa mchezo huu hata mara moja. Wanawake wa Kenya wamefika mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo 2021 na Paris. Ni kweli, katika safari zote hizo hawajashinda mchezo. Lakini kuanzia 1991 hadi 2023 wametwaa ubingwa wa Afrika mara 10. Katika mashindano ya dunia ya 2018 waliishinda Kazakhstan 3 kwa 0, na mwaka 2025, huko Thailand, wakaishinda Vietnam vivyo hivyo.

Wametuzidi nini? Wako wanaosema Wakenya ni warefu. Hayo ni maneno ya mvivu. Ukivuka Horohoro watu hawarefuki. Jambo lenyewe ni ajira. Timu kubwa za wanawake kule ni za shirika la bomba la mafuta, benki ya KCB na Magereza, na zote tatu zimewahi kuwa mabingwa wa klabu za Afrika. Msichana akimaliza shule, na mkono wake ni mzuri, yupo wa kumwandika kazi. Marehemu Janet Wanja alicheza Athens mwaka 2004. Miaka 20 baadaye alikwenda Paris na timu ile ile, safari hii akiwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, akafariki Desemba mwaka huo huo. Mchezo ulimlea tangu ujana wake mpaka utu uzima.

Sasa tutazame kwetu. Msichana wa Handeni au Korogwe huanza vizuri, maana mpira wa wavu umo katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Tena si mchezo wa gharama. Kiwanja ni mita 18 kwa 9, wavu wa wanawake una kimo cha mita 2.24, na watu wa nchi ya mkonge hatuwezi kulia kwamba hatuna kamba! Lakini akimaliza kidato cha nne, mpira umekwisha. Anarudi kwenye mahindi. Hakuna aliyemkataza kucheza. Hakuna aliyemwita, basi.

Wengine huwalaumu wazazi, eti wanaona haya binti kuvaa kaptura. Mzazi wa Kizigua si mjinga. Binti akirudi jioni kutoka kiwanjani mikono mitupu, mwaka baada ya mwaka, amruhusu kwa faida gani? Mchezo umletee barua ya kazi, ndipo mtaona kama kaptura itatajwa tena.

Mwaka 2023 Rais alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Tulishangilia, na sisi tuna ushabiki wetu. Lakini fedha za namna hiyo humkuta mtu aliyekwisha fika. Majeshi yetu yana timu za wavu, nayo yanastahili shukrani, ila hayawezi kuibeba nchi peke yake. Mabenki yako wapi? Mashirika ya umma je? Na wenye mashamba ya mkonge ya Korogwe?

Hatuombi uwanja wa fahari. Timu ni watu 12. Tunaomba nafasi 12 za kazi katika mkoa wa Tanga, za ukarani, za uaskari, za uhudumu, wapewe wasichana wanaotoka UMISSETA, na waachwe jioni wakafanye mazoezi. Viongozi wa mkoa na wilaya, tunajua mnalisoma gazeti hili. Tunangoja jibu.