Butura ya mshahara

Kule Kagera wana neno linaitwa butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi shambani. Mkulima amebanwa na ada ya shule au ugonjwa, anatokea mwenye hela, anampa kiasi kidogo leo, na msimu ukifika kahawa inakuwa si yake tena. Viongozi wa mkoa wamekuwa wakiipiga marufuku biashara hii mara kwa mara, maana kila mtu anaona kuwa mkulima anaibiwa huku akishukuru.

Leo nataka tuzungumzie butura nyingine. Hii hakuna kiongozi anayeizungushia gari la matangazo kuikataza. Tena yenyewe ndiyo inayotangazwa redioni, kwa muziki mtamu kabisa. Ni butura ya kwetu sisi tuliosoma, tunaopokea mishahara mwisho wa mwezi, na hasa makapera. Tunauza mshahara ukiwa bado mbichi.

Naandika haya nikiwa Bahi, kilometa 50 na ushei magharibi ya Dodoma mjini, barabara ya Singida. Nimepanga huku kwa sababu habari ninazoandika nyingi ziko huku, na kwa sababu kodi ya chumba inavumilika. Washikaji zangu waliobaki mjini wananiita mgogo wa kujitakia. Nawaacha wacheke. Ila ukikaa na watu wa hapa unagundua kwamba bajeti si somo la chuo kikuu. Huku mvua ni msimu mmoja tu, inaanza kwenye Desemba na kukata kwenye Aprili. Anayelima uwele, mtama au mpunga wa mbugani anavuna mara moja, halafu anatakiwa kula miezi 12. Kwa maneno mengine, analipwa mshahara mmoja kwa mwaka! Sisi tunalipwa mara 12 na bado tarehe 18 tumekauka.

Hapo ndipo wazee wanaposema vijana mnapenda starehe. Hoja hii naipinga, na naipinga kwa hesabu. Tumchukue kijana wa mfano, yuko sekta binafsi, Dodoma mjini, mshahara wake kwenye karatasi ni shilingi 700,000. Ukimtajia babu yake kijijini atasema mjukuu wangu ni tajiri. Sasa tuanze kukata:

NSSF asilimia 10, yaani 70,000.
Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 42,000.
Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu asilimia 15, yaani 105,000.

Anabaki na 483,000. Hapo hajanunua hata kiberiti. Hilo deni la Bodi ndilo deni la kwanza la wengi wetu, tumeanza nalo kazi siku ya kwanza. Silalamikii kulilipa, maana bila Bodi wengi tungeishia kidato cha sita. Na tushukuru kwamba mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni likue huku unalipa. Lakini asilimia 15 ni asilimia 15, inaondoka kabla hujaiona.

Tuendelee. Chumba na sebule tuseme 80,000 kwa mwezi. Chakula 6,000 kwa siku, mwezi ni 180,000. Nauli 2,000 kwa siku za kazi 26, ni 52,000. LUKU, maji na gesi 40,000. Bando na muda wa maongezi 30,000. Mama kijijini 50,000. Sabuni, kinyozi, dawa za mafua, viatu kupigwa soli, 30,000. Jumlisha mwenyewe. Zinabaki 21,000.

Hiyo starehe iko wapi hapo? Huyu kijana hajaenda kuangalia mpira baa, hana mchumba, hajaugua malaria. Kadi moja ya mchango wa harusi inammaliza, na kila mtu anajua kwamba kapera haletewi kadi moja. Yeye ndiye anayeambiwa, "wewe huna mke wala mtoto, hela zako unapeleka wapi?"

Watu wanadhani kuishi peke yako ni nafuu. Nani kasema? Chumba cha mtu mmoja na cha watu wawili ni bei ileile. Taa ikiwashwa haiulizi mko wangapi. Mwenye familia ananunua mchele kwa gunia au debe, kapera anapima nusu kilo dukani na mafuta ya kwenye kikombe, na kila kipimo kidogo kina faida ya mwenye duka ndani yake. Halafu wenye nyumba zao, mmoja akikosa mshahara mwezi huu mwenzake anaweza kushika jahazi. Kapera akikosa, nyumba nzima imekosa.

Lakini pamoja na yote hayo, huyu kijana bajeti yake inafunga. Kwa shida, lakini inafunga. Kinachompeleka kwenye butura kwa kawaida ni kodi ya nyumba. Si ukubwa wake, ni kalenda yake. Mshahara unakuja kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima. Mara 6 ya 80,000 ni 480,000. Angalia tena mshahara wake wa mkononi: 483,000. Siku ya kodi huyu mtu anabaki na shilingi 3,000 za kuishi mwezi mzima!

Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti pango, ya mwaka 1984. Ilifutwa 2005. Tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wanapatana wenyewe, na tunajua katika mapatano hayo nani ana sauti. Dodoma ndiyo usiseme. Tangu ile Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kuwa Serikali inahamia huku, watumishi wamemiminika na chumba kizuri hakikai wazi wiki mbili. Ukikataa miezi sita, nyuma yako amesimama mwingine ameshika bahasha.

Basi siku hiyo ndiyo simu inapoanza kunong'ona. Bonyeza hapa, pata hela sasa hivi, hakuna dhamana, hakuna mdhamini. Anabonyeza. Tuseme amechukua 50,000 na anatakiwa kurudisha 55,000 ndani ya siku 14. Anajiambia 5,000 ni soda chache tu. Mwezi ujao mshahara unaingia ukiwa umeshaliwa 55,000, kwa hiyo unaisha mapema zaidi, kwa hiyo anakopa tena. Akifanya hivyo mara moja tu kila mwezi, kwa mwaka amelipa 60,000 za kukopeshwa hela yake mwenyewe. Hiyo ni chakula chake cha siku 10. Na wengi hawakopi mara moja kwa mwezi.

Pima bei hiyo kwa kipimo kingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwagawa wakopeshaji katika madaraja manne. Daraja la pili ni wale wanaokopesha bila kupokea amana, na Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 50,000, hiyo ni 1,750. Mkopo wetu wa mfano ni 5,000 kwa wiki mbili, karibu 10,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya mara tano ya ukomo huo. Utaambiwa hiyo si riba, ni ada ya huduma. Sawa. Mnunuzi wa butura naye haiiti riba, anaiita msaada.

Hao angalau tunajua ofisi zao. Kuna wengine ambao mitaani tumewabatiza jina la kausha damu, na watoto wao wa siku hizi wanaoishi ndani ya programu za simu. Ukipakua programu inaomba ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi, unakubali bila kusoma, halafu ukichelewa siku mbili bosi wako, shangazi yako na mchungaji wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipo tangu 2022. Mwandishi wa habari hawezi kudharau hatua hizo. Lakini programu ikifungwa leo, kesho inazaliwa na jina jipya, kwa sababu ile siku ya kodi bado ipo pale pale.

Najua kuna watakaosema mbona mkopo wa simu umeokoa watu. Ni kweli. Usiku wa manane mtoto wa dada anatetemeka homa, huna hata nauli ya bodaboda ya kumfikisha hospitali, simu ikakupa 20,000. Hapo sina neno. Dawa ya dharura hainywewi kama chai ya kila asubuhi, basi. Ninachopigia kelele ni mkopo kuwa sehemu ya mshahara, ukawekwa kwenye bajeti kama LUKU.

Wazee wa hapa Ugogo wana kumbukumbu ya njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Ukame hapa si mgeni, watu walikuwa na maghala yao, na walikuwa na mifugo ya kubadilisha kwa nafaka mwaka ukiwa mbaya. Lakini katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na vijana kwenda kubeba mizigo. Mvua ilipogoma haikukuta akiba. Watu walikufa kwa maelfu. Silinganishi maiti na meseji za madeni, hapana. Nasema tu kwamba hadi leo mtu wa huku akiona mbuzi haoni nyama kwanza, anaona mwezi wa pili ghala likiwa tupu. Sisi je, mbuzi wetu yuko wapi?

Mimi nasema mbuzi wa kapera ni mchezo. Namaanisha ule mchezo wa akina mama, wenye kijumbe wa kukusanya hela, ambao sisi wasomi tunauona wa kizamani. Rudi kwenye hesabu yetu. Tafuta makapera sita wanaofahamiana, kazi moja au mtaa mmoja, kila mmoja analipa kodi kwa miezi sita. Kila mwezi siku ya mshahara, kabla hata ya kununua mkaa, kila mtu anatoa 80,000. Jumla ni 480,000, na anakabidhiwa yule ambaye kodi yake inaisha mwezi huo. Mwezi unaofuata mwingine. Baada ya miezi sita kila mtu kalipa kodi yake yote, hakuna aliyebaki na 3,000, na hakuna aliyelipa hata senti ya ada. Mwenye nyumba kapata miezi sita yake, nyie mmelipa kwa mwezi mmoja mmoja.

Wagumu watauliza, je, anayepokea wa kwanza akikimbia? Swali zuri. Ndiyo maana nasema watu wanaofahamiana, iandikwe kwenye daftari, na wa kwanza awe mwenye ajira ya uhakika. Mkiona mmekomaa, sheria ile ile ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii kama VICOBA katika daraja la nne, na SACCOS katika daraja la tatu. Sajilini, muweke akiba, mkopeshane kwa bei mliyoipanga wenyewe.

Mengine mawili madogo. Michango ya harusi iwe na kiasi chake kwa mwezi, kikiisha kimeisha, na umwambie mwenye kadi hivyo hivyo bila aibu. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakumaanisha harusi yako tu. Pili, kabla ya kubonyeza kitufe, geuza ada iwe shilingi kwa mwezi na uilinganishe na asilimia 3.5. Ukishindwa kuigeuza, usibonyeze.

Na kwa wakubwa: tukiweza kumkemea anayenunua kahawa ikiwa maua, tushindweje kumlazimisha anayenunua mshahara kuandika bei yake kwa mwezi, kwa Kiswahili, juu kabisa ya ujumbe wake? Na wabunge wanaokaa hapo Dodoma, wengine wakiwa wapangaji kama sisi, hawawezi kuanza kuzungumzia kodi ya kulipwa kwa mwezi au miezi mitatu?

Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina ubishi. Ila ukilipa deni kwa deni hujanywa dawa, umebadilisha chupa.